Mvua Ikinyesha, Siku Haihesabiwi

Nikisema nimechoka, watu wa mtaani kwetu Makorora hucheka. "We unachokaje na kazi yako iko bustanini?" Shangazi ndiye mkali kuliko wote. Yeye miaka yote amekaa mbele ya karai la mihogo na samaki kule Mgandini, na kwake kazi ni mafuta ya moto yanayokurukia mkononi. Kutunza majani ya gofu, upepo wa bahari unakupuliza, kivuli cha miembe kipo, anakuona ni kutembea tu huku unalipwa. "Wenzio wanatoa hela kukaa hapo," aliniambia. Kweli wanatoa. Ila wao wakichoka wanakwenda kukaa barazani na kuagiza soda, mie nikichoka ndiyo kwanza saa nne.

Wengi wakisikia gofu wanamuwaza Tiger Woods na kofia yake. Mie ni kibarua wa majani. Uwanja siutaji, na hata hivyo anayenilipa si uwanja, ni mkandarasi aliyechukua tenda ya kutunza majani, na yeye naye simtaji. Tuko mchanganyiko. Akina mama ndio wengi kwenye kung'oa, kufagia na kumwagilia. Vijana wa kiume wanashika mashine na makwanja. Nakwenda kwa baiskeli, kama nusu ya Tanga inavyokwenda, nakatisha Ngamiani kwenye zile barabara za namba wakati wauza maandazi ndio wanawasha moto. Saa kumi na mbili tunaandikwa, saa tisa tunatoka, Jumamosi saa sita. Ujira ni shilingi 6,000 kwa siku.

Kazi ya kwanza ni kupiga umande. Grini, yaani ile sehemu yenye shimo na bendera, majani yake yanakatwa chini kabisa, urefu wa milimita chache tu, na alfajiri inakuwa nyeupe pe. Umande ukiachwa juu ya majani mafupi namna ile unaleta magonjwa, na mashine ikipita inavuta badala ya kukata. Kwa hiyo unashika fito ndefu ya mwanzi, unaipeperusha kushoto na kulia huku unasogea, maji yanaruka mpaka usoni. Ukimaliza grini ya kwanza viatu vimeshalowa, na vitabaki hivyo mpaka mchana. Sijawahi kukutana na mchezaji anayejua kwamba kazi hiyo ipo. Wanafika wanakuta pakavu, wanadhani pamelala hivyo.

Halafu kuna kuhamisha shimo. Hii naipenda, niseme ukweli, ingawa kazi yangu pale ni kubeba ndoo. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, dunia nzima ni hivyo hivyo, na haliwezi kukaa mahali pamoja muda mrefu kwa sababu kila mtu anakanyaga palepale mpaka majani yanakufa. Msimamizi wetu ni mzee wa Kidigo, mtu wa maneno machache. Anazungusha kile chuma cha kukatia, anatoa kipande cha udongo mzimamzima na majani yake juu, anakibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye shimo la zamani, anakipachika. Hapo sasa ndipo penye kazi. Kikikaa juu kidogo tu, mashine ya kesho itakinyoa kiwe kipara. Kikizama, mpira ukipita utaruka, mtu atakosa, na atatafuta wa kumtupia lawama. Mzee analala kifudifudi, shavu kwenye majani, anafumba jicho moja, anaangalia usawa. Anatoa kidogo, anaongeza mchanga chini, anabonyeza kwa kiganja, analala tena. Watu wazima na heshima zao wanapita na vikombe vya kahawa, wanamwona mzee amelala chini, wanacheka. Yeye hajali. Akiinuka anasema "maji," namimina, tunakwenda grini nyingine.

Alinisimulia kuwa zamani viwanja vingi vidogo vya Afrika Mashariki havikuwa na grini za majani kabisa. Vilikuwa na brauni: mchanga uliochanganywa na oili, ukashindiliwa ukawa mweusi. Ukimaliza kupiga, kijana anakokota kifaa cha kusawazisha ili kufuta nyayo, anayefuata akute pasafi. Hakuna umande wa kupiga, hakuna kumwagilia, hakuna ndago. Nilimwuliza kwa nini basi wasirudi huko. Akaniangalia kama mtoto aliyeuliza kwa nini tusile udongo.

Ndago ndiyo iliyonimaliza magoti. Majani tunayoyataka ni ukoka. Ndago hatuitaki. Kwa mbali vyote ni kijani, na mtu aliyesimama hawezi kuvitofautisha, ndiyo maana kazi hii haifanywi kwa kusimama. Unapiga magoti. Unashika shina, unalizungusha baina ya kidole gumba na cha shahada. La ukoka linazunguka. La ndago lina kona tatu, unazisikia. Ukishazisikia, usivute. Mgeni huvuta, majani yanamjia mkononi, anafurahi, na baada ya siku chache zimerudi pale pale na zimeleta wenzake. Chini kuna kiazi kidogo cheusi, na kutoka kwenye kiazi kile unatoka uzi mgumu unaokwenda kwenye kiazi kingine, na kutoka hapo mwingine unakwenda kwingine. Inabidi ufuate uzi kwa ncha ya kisu, polepole, utoe ukoo mzima bila kubomoa grini, halafu ujaze mchanga pale ulipochimba na usawazishe kwa kiganja. Kiazi ukikivunja kinanukia dawa. Nimerudi nyumbani nimeoga kwa sabuni ya kipande na kulala, na bado mto unanukia ndago.

Tunapewa makopo. Msimamizi hapokei majani, anapokea viazi. Ukimpelekea majani matupu anayamwaga mbele yako bila kusema neno, na unajua maana yake. Magotini tunafunga vipande vya gunia kwa mpira wa ndani wa baiskeli, ule tunaoukata vipande kwa fundi. Kinga za mikono zilikuja mara moja, zikachakaa. Kucha zangu sizionyeshi harusini, natia hina mpaka ncha za vidole na watu wanasifia.

Jua nalipitia haraka, maana kila mtu wa pwani analijua. Januari na Februari, kaskazi inavuma na ukoka unakuwa rangi ya mkeka, ndio wakati wa kuburuta mpira wa maji toka asubuhi. Mpira ukiwa na maji ndani ni mzito, na ukiuburuta ovyo unachuna majani, kwa hiyo mnaubeba mabegani watu watatu, mnapishana hatua. Basi.

Ninachotaka kusema hasa ni mvua.

Masika yetu yanaanza Machi na Mei ndiyo inamwaga kweli. Ukoka ukinywa mvua hautulii, unalala mfupi unaamka mrefu. Kwa mwenye shamba hii ni neema. Kwetu sisi iko hivi: unaamka saa kumi na moja, mawingu yametanda lakini hainyeshi, unapanda baiskeli. Ukifika Ngamiani inaanza. Unafika umelowa mpaka ndani, unasimama bandani na wenzio, mnaangalia maji yanavyosimama kwenye banka, yale mashimo ya mchanga ya uwanjani. Saa moja, saa moja na nusu. Mashine haiwezi kuingia, magurudumu yatazama na kuchora mifereji. Kung'oa ndago haiwezekani, udongo umekuwa uji. Mkandarasi anapiga simu, mzee anasikiliza, anaiweka mfukoni. "Haya, nendeni nyumbani." Siku ile haiandikwi. Kibarua wa siku hulipwa siku aliyofanya kazi, ndivyo tulivyokubaliana, na sina wa kumlaumu kwa kukubali.

Lakini hebu fikiria. Kesho yake jua linatoka. Majani yaliyotakiwa kukatwa jana yapo, na ya leo yapo. Matawi yameanguka. Mabanka yote mchanga umeporomoka kwenye kingo, lazima urudishwe kwa koleo. Ndago zimeota za siku mbili. Tunafanya yote hayo, tunatoka tumekufa, na linaandikwa jina moja, siku moja, 6,000. Ile kazi ya siku ya mvua haikwenda popote. Ilihamia kesho, na malipo yake hayakuhama nayo. Na kilichoileta kazi ni mvua yenyewe. Bila mvua ukoka usingeota, mkandarasi asingekuwa na tenda. Mvua inampa yeye kazi na inatunyima sisi siku. Hili nimelisema kwa wenzangu pale bandani, na bi mkubwa mmoja wa Mabawa, ambaye huwa hachangii mazungumzo, akasema, "Ati ee," akaendelea kukamua khanga yake.

Hesabu nazo zinasikitisha ukizipiga. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka 150,000 kwa mwezi kwa kazi ambazo hazikuwekwa kwenye sekta yake maalumu. Gawa kwa siku 26, unapata kama 5,770 kwa siku. Sisi wakati huo tulikuwa tunapewa 6,000 hii hii, na 6,000 mara 26 ni 156,000. Yaani mwezi mzima bila kukosa, tulikuwa tumepita mstari kwa ujira wa siku moja. Mkandarasi alilisema hilo kama sifa, kwamba yeye anapita kiwango cha serikali, na hakusema uongo. Ila ni mwezi gani wa masika una siku 26 kavu? Mei ya mwaka jana nilitoka na laki moja na ushee, chumba ni 35,000, na hela inakuja kwa simu ikiwa na makato ya kutolea unayolipa wewe. Mchezo wetu wa kupeana hela, sisi wanawake wa pale kazini, mwezi ule ulisimama, hakuna aliyekuwa na cha kutoa.

Kisha Oktoba 2025 serikali ikatangaza kupandisha kima cha chini sekta binafsi, kuanzia Januari 2026, kutoka 275,060 hadi 358,322. Simu yangu haikupumzika. "Hongera mwenzangu, laki tatu na nusu!" Hata fundi baiskeli aliacha kunidai kwa upole. Nikawa mwalimu: zile ni namba za jumla, kila sekta ina kiwango chake, na sisi wa majani hatujawahi kuwa hata karibu na ile 275,060 ya mwanzo. Fundi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kunidai bila upole.

Babu yangu mzaa mama alikata mkonge, na habari hizi za kuhesabiwa siku nimezisikia tangu mdogo. Mkonge hapa Tanga uliletwa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche ilitoka Florida, ikafika michache tu, 62, na kutoka hiyo 62 ukaja utajiri wa watu na migongo ya watu wengine. Babu alikuwa na kipande. Kipande ni kadi ya siku 30. Unapimiwa kazi ya siku, ukiimaliza unawekewa alama, usipoimaliza siku hiyo haipo. Mwezi wa kipande haukuwa mwezi wa kalenda, ulikuwa mwezi wa jasho, ungeweza kuburuta mpaka mwezi mwingine. Alikuwa anatusimulia kwa kujisifu, kwamba yeye alikuwa anamaliza kabla ya adhuhuri. Bibi akipita alikuwa anasema, "Na mgongo ule, je?" Babu anabadili mazungumzo.

Mie kadi sina. Nina jina kwenye daftari la msimamizi, linaloandikwa kwa penseli. Mzee ni mwaminifu, simsingizii, lakini penseli ni penseli, na daftari linakwenda ofisini kwa mkandarasi kila mwisho wa mwezi na kurudi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, isipokuwa anayefanya kazi chini ya siku sita kwa mwezi. Sisi siku sita tunazimaliza wiki ya kwanza. Nilipomtajia mkandarasi hilo aliniuliza nimesoma wapi, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kama kuna wengine waliosoma. Basi siku hizi kila Jumamosi kabla ya kutoka naomba daftari, napiga picha ukurasa wote kwa simu, na kuwatumia wenzangu kwenye kundi letu. Mzee mwenyewe ndiye ananishikia ukurasa usikunjike.

Mwisho wa wiki ndio tunapumua, kwa sababu kuna kuwabebea wachezaji mabegi ya fimbo. Kanuni zinamruhusu mchezaji fimbo 14, na wengi wanabeba zote 14 hata kama wanazotumia ni tano. Raundi ya mashimo 18 ni mwendo wa kilomita saba na zaidi ukiwa na begi begani, juani, huku unahesabu mapigo ya mtu na unatakiwa usikohoe akiwa anapiga. Na bado kila kibarua anaigombea. Mchezaji akiwa mwungwana anatoa 15,000 kwa raundi, yaani ujira wetu wa siku mbili na nusu, kwa muda wa kama saa nne.

Sisi wanawake huitwa mwisho. "Begi zito hili, dada." Watu hao hao Jumatano wametuona tukibeba ndoo za mchanga wa banka, mchanga mbichi, na hakuna aliyekuja kutupokea. Nimelizoea, nakaa kwenye foleni na khanga yangu, na vijana wakiisha naitwa.

Mchezaji ninayempenda ni mzee mmoja mstaafu, mpole, anatembea taratibu, ananiita mwanangu. Mara ya kwanza nilipombebea alifika kwenye grini, akachuchumaa nyuma ya mpira, akaangalia, akaangalia, akaniuliza kama utani, "Mwanangu, unakwenda wapi huu?" Nikamwambia, "Kulia, mzee. Upana wa shimo moja." Akasema yeye anaona unakwenda kushoto, mteremko uko kushoto. Kweli mteremko uko kushoto. Lakini pale mahali nimepatambaa kwa magoti miezi, majani yake yamelalia kulia kuelekea baharini na yana nguvu kuliko mteremko. Akapiga anavyoona yeye, ukapita pembeni. Shimo lililofuata akaniuliza tena, bila utani. Tangu hapo akija ananitafuta, na vijana wanalalamika kwamba nimemwendea kwa mganga.

Wengine sio hivyo. Kuna wa "nitakutumia kwenye simu." Huyo mkiachana getini ndio mmeachana. Kuna anayehesabu mapigo matano akatangaza manne, anakutazama wewe mbeba begi uitikie. Unaitikia nini? Unaangalia kunguru.

Na kunguru nao, jamani. Wale weusi wenye shingo ya kijivu, waliojaa pwani yote. Mpira wa gofu ukitua mbali na watu, kunguru anashuka, anaubeba, anaondoka nao. Siku moja mgeni mmoja alisimamisha mchezo akidai kijana wa kwanja ameuficha mpira wake mpya. Tukautafuta. Kanuni ya sasa, tangu 2019, ni dakika tatu za kutafuta, na alikuwa anazihesabu kwenye saa yake kwa sauti huku anamtazama yule kijana mfukoni. Kunguru alikuwa juu ya mwembe, mpira mdomoni, kila mtu anamwona isipokuwa yeye. Mwenzake akamwonyesha kidole. Kanuni inasema mnyama akihamisha mpira unaurudisha ulipokuwa bila adhabu, kwa hiyo yeye hakupoteza kitu. Kijana hakuombwa radhi. Aliokota kwanja lake akaendelea pale alipoachia.

Narudi kwenye mvua, maana mwaka huu tulifanya jambo. Wazo lilitoka kwa yule bi mkubwa wa Mabawa. Alisema, siku ya mvua kazi ya bandani ipo, sema haifanywi: makwanja ni butu, mashine zina matope ya wiki nzima, mchanga wa kujazia grini unanunuliwa na mawe yake na hauchekechwi, bendera zimechanika zinahitaji sindano. Kwa nini mvua ikinyesha tusifanye hizo, tuandikwe? Tukampa mzee aongee na mkandarasi. Mkandarasi akaja mwenyewe, akasimama na mwavuli wake mlangoni, akasema atafikiria. Tukamjibu kwamba tunasubiri hapa hapa, maana kunanyesha na hatuna pa kwenda. Bi mkubwa alikuwa ameshaanza kunoa kwanja lake, ile sauti ya tupa ikawa inamjibu kila anapofungua mdomo.

Akakubali, nusu. Siku ya mvua watabaki watu watano, wataandikwa siku kamili, wengine waende nyumbani. Watano kati yetu sote. Hapo ugomvi ukahamia kwetu. Nani wabaki? Wenye watoto wadogo? Waliotangulia kufika? Anayekaa Pongwe ataweza vipi kumtangulia anayekaa Chumbageni? Vijana wakasema kunoa ni kazi ya wanaume, wakaambiwa na kushona bendera je. Karibu tuwape ushindi waliotutaka tugombane. Mwishowe tukaandika zamu za wiki kwa wiki, kwa kalamu ya wino, tukabandika ukutani bandani, na mzee akaweka sahihi yake chini bila kuombwa.

Mchanga ukichekechwa, kwa taarifa yako, grini zinatoka laini zaidi. Yule mstaafu amelisema bila kujua sababu.

Wiki iliyopita ilikuwa kavu kabisa na ilikuwa zamu ya vijana, walikasirika mpaka nikawaonea huruma. Wiki hii ni zamu ya bi mkubwa na wenzake. Mie zamu yangu ni wiki ijayo. Mamlaka ya Hali ya Hewa wametabiri mvua kubwa Tanga na Pwani, kuanzia kesho mpaka Ijumaa.